Maswali Yenu: Seva ya Nyumbani Isiyomaliza Tokeni

Mwezi huu wengi mmeuliza kuhusu kompyuta moja ya kukaa nyumbani ikiwa imewashwa usiku na mchana: itunze picha, ionyeshe sinema kwenye runinga, ihifadhi hesabu za duka. Nimechagua maswali machache.

Ofisini wanatoa bure zile kompyuta kubwa za mezani. Nichukue moja niifanye seva? – Lanet, Nakuru

Usiichukue kabla hujaipima. Seva haizimwi, kwa hivyo cha kuuliza ni inakula umeme kiasi gani ikiwa imekaa tu, maana ndivyo itakavyokuwa sehemu kubwa ya siku. Nilipima moja ya aina hiyo kwa kipimo cha kuchomeka kwenye soketi. Ilisoma wati 62, na hakuna programu hata moja iliyokuwa imefunguliwa. Zidisha kwa saa 720 za mwezi, gawanya kwa 1,000, unapata karibu uniti 45 za umeme (kilowati-saa).

Sasa kumbuka tunavyotozwa umeme hapa Kenya. Tangu Aprili 2023, nyumba yenye wastani wa hadi uniti 30 kwa mwezi ina bei yake ya chini, hadi 100 ni bei ya kati, na kupita hapo ni bei ya juu. Hiyo kompyuta peke yake, taa zikiwa zimezimwa, imeshakutoa kwenye daraja la kwanza, na uniti zako zote zinapanda bei pamoja nayo. Kompyuta ndogo iliyo nyuma ya runinga yangu inasoma wati 11, yaani uniti 8 hivi kwa mwezi. Fungua meseji yako ya mwisho ya tokeni za umeme, gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata, zidisha kwa 37 (tofauti ya uniti 45 na 8), kisha kwa miezi 12. Utaona utakachopoteza kwa mwaka mmoja.

Nina bajeti ndogo. Raspberry Pi (ile kompyuta ya bodi moja, ndogo kama kiganja) au kompyuta ndogo ya ex-UK (iliyotumika Uingereza)? – Nyalenda, Kisumu

"Bajeti ndogo" si kiasi. Jamani, tajeni shilingi.

Kama kazi ni nyingi, chukua ex-UK: Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro au HP EliteDesk Mini. Tafuta prosesa yenye herufi T mwishoni, kama i5-7500T, kwa sababu zile zimeundwa kutumia umeme kidogo. Kama utatazama sinema, usishuke chini ya kizazi cha saba cha Intel. Kizazi cha sita hakiwezi kufungua kikamilifu video za HEVC (muundo wa kubana video) za biti 10 kwenye chipu yake ya picha, kwa hivyo prosesa yenyewe inabebeshwa mzigo, joto linapanda na feni inavuma usiku kucha.

Dukani, iwashwe mbele yako kabla hujatoa pesa. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows; ikidai nenosiri la mwenye nayo wa zamani, irudishe kaunta. Dai adapta yake halisi pia, maana Dell isipoitambua adapta huipunguza kasi prosesa.

Pi inafaa ukitaka tu kuzuia matangazo kwenye mtandao wa nyumbani kwa programu ya Pi-hole. Ukiilinganisha bei, jumlisha adapta, kasha, feni na diski. Na usiitegemee kadi ya SD kwa mambo yanayoandikwa kila dakika, kwani huchakaa.

RAM ngapi? – Kisii

GB 8. Pesa inayobaki nunulia diski ya pili.

Nina diski mbili za RAID 1, kila kitu kinaandikwa kote kuwili. Data iko salama, sivyo? – Milimani, Kisumu

Hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na nitaendelea kulijibu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. RAID 1 inakukinga diski moja ikifa, basi. Ukifuta folda kwenye ya kwanza, imefutika kwenye ya pili papo hapo. Virusi vya kufunga faili na kudai pesa vinazifunga zote mbili. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote.

Jirani yangu aliniletea kisanduku kama hicho. Diski zote mbili zilikuwa nzima kabisa. Ila folda ya picha za mazishi ya mama yake haikuwepo. Mtoto aliifuta akitafuta nafasi ya michezo. Tulikesha tukirejesha, tukapata picha arobaini hivi. Nyingi zilikuwa na nyuso upande wa juu na rangi ya kijivu tupu kuanzia shingoni kwenda chini. Mama mwenyewe alionekana vizuri katika tatu.

Nunua diski ya USB, nakili kila Jumapili, kisha ichomoe. Diski nyingine yenye nakala ifunge kwa nenosiri, uipeleke ushago au kwa ndugu unayemwamini. Na kila baada ya miezi mitatu fungua picha kumi kutoka kwenye nakala uhakikishe zinafunguka. Kama pesa haitoshi seva na nakala, anza na nakala.

Radi iliunguza raota na kompyuta ingawa nina kile kifaa cha kulinda friji. – Kakamega

Kifaa hicho hukata umeme volti zikipanda au kushuka kupita kiasi. Radi ina kasi kuliko swichi yake. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, kwa hivyo ukisikia ngurumo, zima na uchomoe. Kabla ya kununua kinga ya mawimbi ya umeme, fundi apime kwanza kama soketi ina waya wa ardhi unaofanya kazi. Pia usivute kebo ya shaba ya mtandao kutoka nyumba moja hadi nyingine nje. Tumia faiba au wai-fai.

Naweza kuweka kamera nne za ulinzi kwenye diski ya TB 1 yenye picha za familia? – Bungoma

Usizichanganye. Kamera moja ya megabiti 4 kwa sekunde hujaza GB 43 kwa siku. Nne zitaimaliza diski hiyo kabla ya siku sita, hata isiwe na picha yoyote. Zipe diski yao.

Nimefungua mlango wa mtandao (port) kwenye raota lakini nikiwa Nairobi siifikii seva. – Busia

Tazama anwani ambayo raota imepewa na kampuni ya intaneti. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unashiriki anwani moja ya nje na wateja wengine, na mlango huo haufiki popote. Ufunge leo. Tumia Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri; inapita hapo, na haiachi mlango wazi kwa kila mpita njia.

Laptopu iliyopasuka skrini inafaa? – Kondele, Kisumu

Inafaa sana, na betri yake itaishikilia stima ikipotea. Kama inaruhusu, weka kikomo cha kuchaji asilimia 80. Kila mwezi iinue, uipapase chini. Ukihisi imevimba, izime, mpelekee fundi aitoe betri, na usijaribu kuichokonoa kwa bisibisi.