Mwambie kabla ya barua ya posa

Binti wa jirani yangu hapa Magomeni ana kifafa. Juzi alikuja kuniuliza: mchumba yuko mbioni kuleta barua ya posa, amwambie, au anyamaze mpaka ndoa ifungwe? Kwao wamemshauri anyamaze. Nilimjibu, mwanangu, mwambie wiki hii hii.

Mimi mwenyewe naugua kifafa tangu utotoni. Nilikuja Dar kutoka Mahenge, nikafikia kwa ndugu. Kikombe na sahani yangu ya bati vilioshwa mbali na vyombo vya wengine, kwa kuwa watu waliamini povu la mgonjwa likikugusa nawe utaanguka. Si kweli. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa chombo. Kule kwetu daktari Louise Jilek-Aall alishawatibu wagonjwa wengi tangu miaka ya 1960, na bado nilitengwa.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akatangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Nyumba yetu ya vyumba sita ikatoa wanaume watatu. Wake zao walidamka kupanga foleni ya sukari na sabuni, na watoto wakakosa wa kuwaangalia. Mama wa chumba cha mbele akaniachia wa kwake wawili. Hakuwa amenipenda, hakuwa na mtu mwingine. Nilipokea hivyo hivyo, na nasema nilifanya vizuri, maana baada ya miezi kadhaa watoto wale walikuwa wakinywea kikombe changu na hakuna aliyewakemea.

Lakini usichanganye kuhitajiwa na kupendwa. Kampala ilipotekwa, tarehe 11 Aprili 1979, waume wakaanza kusubiriwa, na wapo walioanza tena kukitenga kile kikombe. Mama wa chumba cha mbele hakukitenga. Yeye hadi leo ni dada yangu.

Barazani alikaa fundi viatu, mguu mmoja umepooza kwa polio. Mgambo walimkataa, na vijana wakamsema kwamba amebaki mjini kulinda wanawake. Lilimuuma sana. Tulizoea kusikiliza redio pamoja jioni. Siku nilipomweleza ugonjwa wangu, hakuniambia pole, wala hakusema kwamba haidhuru. Aliuliza, "Ukianguka, nifanye nini?"

Binti yangu, sikiliza kama atauliza hivyo. Akiuliza, mfundishe: aondoe vitu vigumu karibu yako, akulegeze nguo shingoni, akulaze ubavu, asikubane mikono, asikutie kijiko wala kidole mdomoni. Aangalie saa, ikipita dakika 5 hujatulia, akupeleke hospitali. Vidonge unywe kila siku kama daktari alivyoagiza, usiviache kwa sababu ya harusi, na ukifikiria kupata mimba kamuone daktari mapema, kwani kuna dawa zinazobadilishwa. Akikimbia baada ya kuambiwa, utalia, najua. Hata hivyo ni afadhali akimbie sasa, kuliko akukimbie ukiwa na mtoto mgongoni.

Mimi nilianguka mbele ya yule fundi wiki tatu baadaye, uani, watu wakitazama. Nilipozinduka nilikuwa nimelala ubavu, shati lake liko chini ya kichwa changu, naye amekaa kifua wazi mchangani, anawaomba watoto wasogee nipate hewa.