Lupita: jukwaa lilitangulia

Wadau, kuna wanaodhani mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o alianza na filamu. Hapana, ni jukwaa ndilo lililotangulia. Alicheza Juliet, wa mchezo wa Romeo and Juliet, akiwa na miaka 14, na kundi la maigizo la Phoenix Players la Nairobi. Filamu iliyompa Oscar, 12 Years a Slave, ilitoka 2013. Hapo katikati kuna kazi za nyuma ya kamera, tamthilia ya TV ya Shuga (2009), na shule ya maigizo ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliyomaliza 2012. Oscar hiyo ya Machi 2014 ni ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, siyo ya mhusika mkuu kama wengi wanavyoandika.

Na jukwaa hakuliacha. Eclipsed, mchezo ulioandikwa na Danai Gurira, aliicheza New York 2015, ikahamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo, 2016 na kumpa uteuzi wa Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani. Kinachosahaulika: katika mchezo huohuo aliwahi kuwa mwigizaji wa akiba pale Yale 2009!

Kwa hiyo vijana wa Mbeya na Iringa msidharau maigizo ya ukumbini. Ukicheza Mwanjelwa, pale Mbeya, bila maiki, mvua inapiga bati, sauti lazima itoke tumboni ifike benchi la nyuma, na maneno yote yawe kichwani maana hakuna kurudia. Mbele ya kamera kazi ni kupunguza: sauti ya mazungumzo ya kawaida, uso utulie, macho yaseme. Anayebeba sauti ya ukumbini mpaka kwenye kamera huonekana anagomba hata kwenye salamu.