DVD ya harusi ni nzima, ubovu uko kwenye ubadilishaji

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Anaandaa video ya miaka 20 ya ndoa ya wazazi wake, DVD ya harusi ameikuta kabatini, lakini programu yake ya kuhariri inazikataa faili zake. Akapakua programu ya bure ya kubadilisha video, nayo ikamtolea picha yenye ukungu, michirizi kila watu wanapocheza, na sauti inayochelewa midomo. Anauliza kama diski imechoka.

Haijachoka. Diski ikichoka, picha huganda, hukatikakatika miraba, au kompyuta hugoma kunakili. Ukungu na michirizi huletwa na ubadilishaji.

Fungua diski uone folda ya VIDEO_TS. Faili za IFO ni ramani, BUP ni nakala za ramani hiyo, na picha na sauti zimo kwenye VOB. VTS_01_0.VOB kwa kawaida ni menyu. Harusi yenyewe inaanzia VTS_01_1.VOB na kuendelea, kila faili ikikomea karibu GB 1. Vipande hivyo vinakatwa kwa ukubwa tu, hata katikati ya neno la shehe au mchungaji. Ndiyo maana ukiviingiza kimoja kimoja kwenye programu ya kuhariri, kila kiungo kinameza kipande cha sauti. Na kubadilisha jina la VOB kuwa MPG, ushauri unaozunguka sana WhatsApp, hakubadilishi chochote ndani.

Hatua ya kwanza ni kuitoa harusi kwenye diski bila kuigusa. Programu ya MakeMKV inasoma ile ramani, inaunga vipande kwa mpangilio wake, na kukupa faili moja ya MKV yenye picha na sauti zile zile. Usihariri moja kwa moja kutoka kwenye diski, wala usirekodi kioo cha kompyuta huku DVD ikicheza. Hilo la pili ni kosa la uvivu, na linaonekana.

Diski ikigoma, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kisha ijaribu kwenye kisomeo kingine. Visomeo havilingani kwa uvumilivu. Ikigoma bado, tumia programu ya ddrescue, maana yenyewe hunakili kwanza sehemu nzima na kurudia mbovu baadaye. Stika iliyobandikwa juu ya diski usiibandue: unaweza kuiharibu diski yenyewe. Na kama kompyuta inasema diski ni tupu lakini upande wa chini unaonyesha pete iliyochomwa, huenda haikufungwa baada ya kurekodiwa. Irudishe kwenye mashine ile ile iliyoirekodi, ifungwe huko.

Sasa ubadilishaji wenyewe, ambao unatakiwa ufanyike mara moja tu. Picha ya DVD imebanwa kwa mtindo wa MPEG-2. Zile za kwetu za PAL, mfumo wa televisheni wa huku, zina pikseli 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde, lakini harusi iliyopigwa kwa kamera za kanda huwa na nusu-picha mbili ndani ya kila fremu: mistari ya shufwa ni ya wakati mmoja, ya witiri ni ya wakati mwingine. Kwenye televisheni ya zamani hukuona tatizo. Kwenye kompyuta, mkono unaopunga unaota meno ya kitana. Programu za bure nyingi zinatupa nusu moja au kuzichanganya zote mbili, na hapo ndipo ukungu unapozaliwa. Kila nusu inatakiwa igeuzwe fremu kamili, upate fremu 50 kwa sekunde.

Kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, kwa picha ya 4:3 (ile ya televisheni za zamani), amri ni hii:

ffmpeg -i harusi.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -vf "bwdif=mode=send_field,scale=768:576,setsar=1" -c:v prores_ks -profile:v 1 -c:a pcm_s16le -ac 2 harusi.mov

Mpangilio wa bwdif (inayotenganisha nusu-picha) kwanza, scale (inayobadilisha ukubwa) baadaye, usiuguse. Ukibadilisha ukubwa kabla ya kutenganisha nusu-picha, mistari inavurugika na hakuna dawa tena. Hiyo 768 ipo kwa sababu pikseli za DVD si mraba; kwa picha pana ya 16:9 weka 1024:576. Ukisahau, bwana harusi anarefuka kama mnazi. Sauti inatolewa kutoka AC3 (sauti iliyobanwa ya DVD) kwenda PCM (isiyobanwa) kwa sababu programu kadhaa za kuhariri zinaonyesha picha lakini sauti ya AC3 haitoki.

ProRes LT, aina ya video inayotolewa na amri hiyo, inakula takribani GB 25 kwa saa, kwa hiyo angalia nafasi kwanza. Ukiogopa dirisha la amri, tumia HandBrake, programu ya kubofya: chagua Bwdif yenye Bob (kila nusu iwe fremu), fremu 50 zisizobadilika, na RF, kipimo cha ubora, 16 hadi 18. Usiache fremu zibadilike-badilike. Hizo ndizo zinazosogeza sauti mbali na midomo kadiri video inavyoendelea. Kabla hujaanza kukata, sikiliza mwanzo, katikati na mwisho, hasa mwisho.

DVD iliyotumwa na shangazi kutoka Marekani itakuwa NTSC, mfumo wa televisheni wa huko: 720 kwa 480, fremu 29.97. Hapo andika scale=640:480, na uache zitoke 59.94. Usizilazimishe kuwa 25 au 50, mwendo utadunda.

Na usikuze picha kuwa 1080, yaani HD kamili, wakati wa kubadilisha. Ikuze ndani ya mradi, uache nguzo nyeusi pembeni. Kuivuta ijaze kioo ni kumnenepesha bibi harusi bila ridhaa yake.

Ukikuta folda ya MPEGAV yenye AVSEQ01.DAT badala ya VIDEO_TS, hiyo ni VCD, diski ya video ya kabla ya DVD. Nakili DAT, iweke kwenye amri ile ile badala ya harusi.mkv, ila ondoa bwdif, maana MPEG-1, mtindo wa video wa VCD, haina nusu-picha. Picha yake ni 352 kwa 288 tu, kwa hiyo mpe sehemu ndogo ya kioo, pembeni ya picha za mnato, itaonekana nadhifu.