Barua kwa mwanangu: Kreske amekwenda Galatia

Mwanangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Moshi hatujambo. Baba yako goti linamsumbua kwa baridi hii ya Julai, ila shambani anakwenda, hasikii la mtu.

Ujumbe wako nimeusoma. Mwenzako mmoja kahamishiwa Dodoma, wa pili kaolewa Mwanza, na yule mliyepanga naye chumba Sakina kaenda Kanada kusoma. Sasa Jumapili ukitoka ibadani hapo Arusha unarudi ndani, unafunga mlango, basi. Ukaniuliza: "Mama, kama Yesu anatosha, mbona naumia hivi?"

Fungua Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, kuanzia mstari wa 9. Watu huparuka hapo kwa sababu wanaona majina matupu. Paulo yuko kifungoni Rumi, anajua siku zake zimekaribia, anawataja waliotawanyika: Dema kaenda Thesalonike, Kreske yuko Galatia, Tito yuko Dalmatia, Tikiko amemtuma mwenyewe Efeso. Amebaki na Luka tu. Sasa angalia, anayelaumiwa hapo ni Dema peke yake, aliyeupenda ulimwengu. Tito hana kosa, wala Kreske. Wewe umewatia wote kapu moja: "wameniacha". Nani kakuacha? Aliyepewa barua ya uhamisho? Mwajiri akisema Dodoma, ni Dodoma.

Swali lako hasa linajibiwa mstari wa 17. Kesi ya Paulo iliposikilizwa mara ya kwanza hakuna aliyesimama upande wake, lakini Bwana alisimama pamoja naye akamtia nguvu. Paulo huyo alikuwa anamjua Yesu kuliko mimi na wewe. Na bado, katika sura hiyohiyo, anamhimiza Timotheo aje upesi, amlete Marko, asisahau joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu vyake. Mwishoni anarudia: ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Kumtegemea Bwana hakukumzuia kumtaka rafiki yake. Kwa hiyo ukimsikia mhubiri anasema mwenye Yesu hamlilii binadamu, mwitikie kwa adabu uende zako. Wazee wa Efeso walimwangukia Paulo shingoni kule Mileto wakalia sana kwa kuwa hawatamwona tena, na hakuna aliyewakemea.

Tena huyo Marko ndiye aliyewafanya Paulo na Barnaba wagombane hadi kila mmoja akashika njia yake. Baadaye Paulo anamwita, anasema anamfaa. Lifikirie hilo kwa habari ya yule wa Kanada, maana naona hukuniambia mliagana vipi.

Mimi rafiki yangu wa kwaya, yule uliyekuwa ukimwita mama mkubwa, yuko Tabora siku nyingi. Jioni nikimenya ndizi za mtori namtaja kwa Mungu. Mikono nimeipaka mafuta lakini utomvu unashika vilevile, kisu kinateleza, nami naendelea: sukari yake ishuke, mjukuu wake apate shule. Nikimpigia simu nina la kumuuliza. Sisemi "za huko?" halafu tukabaki tunasikilizana pumzi. Nikishamwombea hivyo, umbali haunisumbui sana, kwa sababu bado namfanyia kitu, na Yule ninayemwomba yuko Tabora kama alivyo hapa jikoni.

Halafu jumuiya. Mtaani kwako wanakutana nyumba kwa nyumba, nenda. Usikae nyuma na simu, wala usiende kwa kuwinda marafiki. Fika mapema upange viti. Luka wako huenda ni yule mama wa makamo anayegawa vitabu vya nyimbo, ambaye wewe hata jina lake hujauliza. Akikukaribisha chai, usianze habari za kazi nyingi.

Yule wa Dodoma kwao si Rombo? Desemba atapanda kama watu wote. Mwandikie sasa, akate tiketi kabla nauli hazijapaa, na apitie hapa nyumbani siku mbili. Baba yako ameshaanza kumtazama beberu mmoja kwa jicho baya. Mwambie asije mikono mitupu, alete ubuyu.

Mama yako