Mitamba mitano kwenye ekari mbili: usimlipe dalali kabla hujahesabu majani

Usilipe, mkuu. Umeandika una ekari mbili, dalali amekupatia mitamba mitano yenye mimba, kila mmoja "lita 20 kwa siku", na unauliza banda lijengwe vipi, mbegu ipi ni bora, mkopo uchukue kiasi gani na maziwa umuuzie nani. Hujauliza popote watakula nini. Pesa huzamia hapo, kwa hiyo mengine yatasubiri.

Ng'ombe wa maziwa hula kwa siku karibu asilimia 3 ya uzito wake, ukihesabu chakula kikavu, yaani maji yote yakishatolewa. Mwenye kilo 400 anahitaji kilo 12 kavu. Sasa majani ya tembo mabichi ni maji zaidi kuliko chakula: kwenye kilo 100 unapata kilo 15 hadi 20 kavu. Ukimlisha hayo peke yake ni mzigo wa kilo 60 hadi 80 kwa siku, kwa ng'ombe mmoja. Watano ni kilo 300 hadi 400 za kukata, kubeba na kukatakata kila siku, sikukuu na misiba ikiwemo. Umeshaajiri wangapi?

Tuwe wakarimu. Tuseme kila mmoja anapata kilo 3 za pumba na mashudu, majani yabaki kilo 9 kavu. Watano kwa siku 365 ni tani 16 na ushee. Ongeza yale wanayokanyaga, kukojolea na kubagua, unafika tani 19. Ekari moja ya majani ya tembo yenye mvua ya kutosha, samadi ya kutosha na palizi hutoa tani 6 hadi 8 kavu kwa mwaka. Ekari zako mbili, bila banda, bila njia, bila nyumba yako, ni tani 12 hadi 16 mambo yakienda vizuri mno. Shamba jipya halifiki huko mwaka wa kwanza. Ekari mbili ni ng'ombe wawili na ndama wao. Usiniulize kwa nini hesabu hii naijua kwa moyo kuliko tarehe za kuzaliwa za watoto wangu.

Na hiyo ni hesabu ya mwaka mzima, ambayo yenyewe inadanganya. Majani hayaoti sawasawa. Kuna miezi yanakushinda kukata, na kuna miezi yanasimama kabisa, iwe kwa jua au kwa baridi. Biashara hufa kwenye miezi hiyo, tena hufa kimyakimya. Kwanza maziwa yanashuka. Unakimbilia kununua hei, yaani majani makavu, wakati kila mfugaji anaitafuta hiyo hiyo, kwa bei anayotaka muuzaji. Ng'ombe anakonda, na aliyekonda hapati joto, yaani hataki dume. Mimba yake ni siku 283 hivi, kwa hiyo ili azae kila mwaka lazima ashike mimba ndani ya siku 80 na kitu baada ya kuzaa. Akipitwa na joto moja umepoteza siku 21. Akipitwa matano au sita, ndama wa kila mwaka amekuwa ndama wa kila miezi 15 hadi 16, na katikati hapo unalisha ng'ombe mwenye maziwa kiduchu au asiye na maziwa kabisa. Wewe unamlaumu mhimilishaji anayempandikiza mbegu, unabadilisha mbegu, unanunua vitamini, unachoma dawa ya minyoo mara mbili. Ugonjwa wenyewe ni njaa.

Halafu hao wanaouza ndoto za "lita 20 mara ng'ombe 5 mara siku 365". Mtu ameshika kalamu, amevaa shati safi, anazidisha namba tatu na kuita mchanganuo wa biashara! Lita 20 ni kilele. Ng'ombe hukifikia wiki ya 6 hadi ya 8 baada ya kuzaa, kisha anashuka. Hukamuliwa siku 305 hivi, halafu anapumzishwa siku 60 kabla ya kuzaa tena. Kwa makadirio ya haraka, zidisha kilele kwa 200: lita 20 za kilele ni kama lita 4,000 kwa uzao mmoja, si 7,300 za kwenye karatasi. Na hata hizo 4,000 ni kwa aliyeshiba. Dalali anajua haya yote. Yeye analipwa ng'ombe akishuka kwenye gari, wewe ndiye unayebaki naye kiangazi.

Kwa hiyo kanuni ni moja: ng'ombe asiingie kabla chakula chake cha miezi mibaya hakijawa chini ya turubai. Kwa ng'ombe wawili, siku 120, kilo 9 kavu kila mmoja, ni kilo 2,160. Sileji, yaani majani yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa na kufunikwa bila hewa hadi yachachuke, ikiwa nzuri ina asilimia 30 hivi ya chakula kikavu, basi unahitaji tani 7 na kidogo. Ikishindiliwa vizuri, mita moja ya ujazo hubeba kilo 600 hivi. Weka na ya kuharibika, unapata shimo la upana mita 2, kina mita 1.5, urefu karibu mita 5. Lichimbwe mahali maji ya mvua hayaingii.

Mahindi ya sileji vuna punje zikiwa kama unga uliokandwa, si maziwa tena na si ngumu bado. Majani ya tembo kata yakiwa na urefu wa mita 1 hivi, uache kisiki cha sentimita 10 hadi 15. Ukiyasubiri yafike mita 2 kwa tamaa ya wingi, unavuna miti: protini ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni vinashindwa kazi na ng'ombe anashiba huku anakonda. Yaache yanyauke nusu siku, maana mabichi mno huoza. Katakata vipande vya sentimita 2, finya konzi: yakichuruzika maji, bado, yakiachia polepole bila kuchuruzika, sawa. Majani ya tembo hayana sukari ya kutosha, nyunyizia molasi kilo 30 hivi kwa tani. Panga tabaka za sentimita 15, shindilia kila moja, hasa pembezoni, kisha funika na uweke udongo juu siku hiyo hiyo. Hewa ndiyo adui. Usifungue kabla ya wiki 4. Yenye harufu ya uchachu na rangi ya kijani-njano ni nzuri. Nyeusi yenye utelezi au yenye ukungu tupa, hasa usimpe mwenye mimba.

Banda: sakafu isiyoteleza, mteremko kidogo, maji yasikauke, maana anayekamuliwa hunywa lita 60 hadi 100 kwa siku. Samadi yote irudi kwenye majani.

Kama umeshatoa arubuni, mwambie dalali alete mmoja, wa pili baada ya shimo kujaa. Uzito usikubali wa mdomo wake: zungusha utepe wa kupimia kifuani nyuma ya miguu ya mbele, zidisha sentimita hizo zenyewe kwa zenyewe, kisha kwa urefu kutoka bega hadi mfupa wa nyonga wa nyuma, gawa kwa 10,840, unapata kilo. Kifua 160 na urefu 130 ni kilo 307, hata akuapie 400. Na kabla hajapanda gari apimwe bruselosi, ugonjwa wa kutupa mimba, na kifua kikuu, vipimo vifanywe na daktari unayemlipa wewe, si anayekuja na dalali.