Mtetea Kang'atwa na Mbwa, Tumpake Nini?

Safu ya maswali ya wasomaji. Barua za mara hii zimetoka Mikindani, Newala, Kilwa Masoko na Lindi mjini, zote za kuku wa nyumbani walioumia.

SWALI: Wataalamu, salaam. Mtetea wetu wa kienyeji, ambaye watoto wameshampa jina na hakuna wa kumchinja, ameng'atwa na mbwa mgongoni. Ngozi imechanika urefu wa kidole na nyama inaonekana. Jirani mmoja anasema tumpake majivu, mwingine mafuta ya ganda la korosho maana "yanakausha". Tushike lipi?
*Msomaji, Mikindani*

JIBU: Hakuna la kushika hapo. Mafuta ya ganda la korosho ndiyo hayohayo yanayobabua mikono ya wabanguaji. Yakigusa nyama iliyo wazi yanaiunguza, na nyama iliyoungua haiungani, inaoza. Majivu nayo yanagandamana na damu na kufungia uchafu ndani. Mafuta ya taa, tumbaku, dawa ya meno na spiriti viwekeni kundi hilohilo.

Kabla ya dawa yoyote, kuku atulie. Kuku aliyetoka mdomoni mwa mbwa anaweza kufa kwa mshtuko hata kama jeraha ni dogo. Mwekeni kwenye boksi lenye matundu, kanga kuukuu chini, mahali pa giza na kimya, mbali na watoto, nusu saa hivi. Joto la Mikindani mchana linamtosha, msimwongezee jiko. Akianza kuhema mdomo wazi huku ametanua mabawa, boksi limekuwa la moto. Kinachowahishwa ni damu tu: ikichuruzika, bonyezeni kitambaa safi dakika tano bila kufunuafunua. Kuku wa kilo moja na nusu ana damu kama mililita 100 tu, kwa hiyo vijiko vichache vya chakula vikimwagika ni hasara kubwa kwake.

Akishatulia, osheni. Chemsheni nusu lita ya maji, tieni kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yaache yawe vuguvugu. Manyoya ya kuzunguka jeraha yakateni kwa mkasi. Msiyanyofoe, ngozi ya kuku ni nyembamba na itazidi kuchanika. Vuteni maji kwa bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, mpige kidonda hadi maji yatoke meupe. Mara nyingi nusu lita yote inaisha. Tafuteni na matundu ya meno. Mbwa anapotikisa kuku, ngozi inaachana na nyama, hivyo kitundu kidogo huwa na mfuko mkubwa chini yake, na kila kimoja kinaoshwa peke yake. Kisha ayodini iliyozimuliwa kwa maji safi hadi ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Rudieni asubuhi na jioni.

Msishone. Meno ya mbwa yameshapanda vijidudu ndani, na kidonda kilichozibwa kinaoza kimyakimya. Kiacheni wazi, kitajijaza chenyewe kutoka chini. Asali safi, tabaka jembamba, ni dawa nzuri ya kidonda kilichokwisha oshwa, ila pwani yetu sisimizi wataifuata. Boksi lake liwekeni juu ya meza, na miguu ya meza isimame kwenye makopo ya maji.

Siku ya pili au ya tatu mnaweza kuona ngozi imekuwa ya kijani; msitishike. Vilio la damu kwa kuku hugeuka kijani badala ya zambarau. Kinachotisha ni ngozi nyeusi, ya baridi, yenye harufu. Wala msingoje usaha wa kutiririka: usaha wa kuku ni mkavu, wa manjano, unatoka vipande vipande.

Afisa mifugo wa kata aitwe siku hiyohiyo kama maji au punje zinatokea kwenye kidonda cha kifuani (gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, limetoboka), au ukigusa ngozi inatatarika kama ina hewa ndani. Viuavijasumu apange yeye, na kipimo kifuate uzito. Dawa za maumivu za binadamu marufuku, hasa diklofenaki, ambayo huua figo za ndege; ndiyo iliyokaribia kuwamaliza tumbusi wa India waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo.

Na kama aliyemwokoa kuku naye ameng'atwa au kukwaruzwa na mbwa huyo, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali leo. Kuku atasubiri.

SWALI: Kuku wangu kakanyagwa na bodaboda. Mguu unaning'inia na bawa moja limelegea. Kuna haja ya kumfunga au nimwache?
*Msomaji, Newala*

JIBU: Inategemea umevunjika wapi. Sehemu ya magamba, ile isiyo na manyoya, inafungika nyumbani. Zungushia pamba nyembamba, weka vijiti viwili vya aiskrimu, kimoja kila upande, kisha plasta ya kitambaa. Vijiti vizidi mvunjiko juu na chini, visifike kwenye vidole. Baada ya saa moja shika vidole: vikiwa vya baridi au vimevimba, umekaza mno, fungua uanze upya. Acha wiki tatu, ukikagua kila siku. Paja usilifunge. Uzito wa vijiti utaning'inia chini ya mvunjiko na kuuvuta zaidi. Mweke kwenye tenga dogo asipoweza kuruka, umpelekee chakula mdomoni pake, na umwite mtaalamu.

Bawa likunje linavyokaa lenyewe, kisha zungusha bendeji likamatane na mwili, ipite chini ya bawa zima la upande wa pili ili hilo libaki huru. Hapa ndipo wengi wanapoua kuku kwa mapenzi. Kuku hana kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kama chetu. Anapumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari. Ukikibana kidari, anakosa pumzi na pua zikiwa wazi. Kidole chako kipite chini ya bendeji bila taabu.

Kama mfupa wa juu wa bawa umetokeza nje, usimimine maji humo. Mfupa huo una uwazi ulioungana na mifuko ya hewa, maji yataishia kwenye njia ya pumzi. Funika kwa kitambaa cha shashi chenye unyevu, umpeleke kwa mtaalamu.

SWALI: Kidonda cha karibu na mkundu kimeingia funza. Nimwage dawa ya unga ya kuua wadudu?
*Msomaji, Kilwa Masoko*

JIBU: Hapana, sumu itaingia mwilini kupitia kidonda. Kata manyoya yote yenye kinyesi, osha kwa maji ya chumvi tuliyoyaeleza juu, toa funza kwa kibano mmoja mmoja. Hawaishi mara moja. Wengine wamejificha ndani na watatoka ukirudia baada ya saa chache. Endelea asubuhi na jioni hadi siku mbili zipite bila kumwona hata mmoja. Kwa joto la Kilwa mayai ya inzi huanguliwa chini ya siku moja, hivyo kuosha jana hakukulindi leo. Funika tenga kwa chandarua, kikazwe nje pasipofikiwa na kucha.

Mwangalie na kinyesi. Kikiwa cha kijani kibichi na kidogo, mara nyingi ni nyongo tupu, yaani kuku hali chakula. Yai la kuchemsha lililopondwa na dagaa wa kusaga huwarudisha wengi. Maji mdondoshee pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, ameze mwenyewe. Tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, na ukimmiminia unamzamisha.

SWALI: Kapona, nikimrudisha bandani wenzake wanamdonoa. Na mayai yake yanalika?
*Msomaji, Lindi mjini*

JIBU: Wanadonoa wekundu. Ngojea ngozi ifunge kabisa, kisha mtenge kwa wavu humohumo bandani siku tatu nne waonane. Mwachie jioni, wakiwa wanapanda kulala, na ongeza chombo cha pili cha chakula. Ukimwona anayeongoza vita, mtoe huyo kwa siku chache badala ya mgonjwa. Mayai: kama alipewa kiuavijasumu, soma kwenye paketi siku za kusubiri, uzihesabu tangu dozi ya mwisho. Pasipoandikwa chochote kuhusu mayai, muulize afisa mifugo kabla ya kuyala au kuyauza.