Pakora za paneer: rojo lisibanduke

Pole dada. Umesema pakora zako (vitafunio vya kukaanga vilivyochovywa kwenye rojo la unga) za paneer, yaani jibini laini ya Kihindi, zinalainika na rojo linabanduka kwenye karai. Tatizo ni maji. Paneer ina unyevu mwingi. Ifute kwa kitambaa safi, kisha igaragaze kwenye unga mkavu wa dengu kabla ya kuichovya. Kwa kikombe 1 cha unga wa dengu tia vijiko 2 vya unga wa mchele (huu ndio unaokausha), manjano, pilipili na chumvi. Rojo liwe zito, lishike mgongo wa kijiko. Dondosha tone kwenye mafuta. Likiibuka upesi na mapovu, anza. Tafadhali usijaze karai, mafuta yatapoa. Zikiiva ziweke kwenye chujio la waya. Ukizirundika sahanini, mvuke utazilainisha tena.